Tambi za Siku ya Mia

Siku ya tisini na tano tangu mume wangu afariki, nilimwota tena. Alikuwa ameketi mbele ya bakuli la tambi, mikono ameiweka mapajani, bila kula. Nikamwambia, "Sanit, kula, zitavimba hizo." Akanitazama kama mtu anayengoja kitu kiletwe. Nikaamka, na majogoo wa jirani walikuwa wanawika.

Ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza alikuja baada ya sadaka ya siku ya saba, mara ya pili baada ya sadaka ya siku ya hamsini. Mavazi yake yalikuwa yale yale, shati la kazi la reli lenye kifungo kimoja kilichopotea. Sikumwambia mtu. Kusema kweli nilikuwa nafurahi. Siku nzima baada ya ndoto nilitembea polepole, kama mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa hadi ukingoni.

Asubuhi hiyo wifi yangu Samruai alikuja kupanga mambo ya siku ya mia. Samruai ni dada mkubwa wa Sanit. Anauza ndizi za kuchoma kwenye mkokoteni hapa Wang Phikun, na sauti yake huwahi kufika kabla ya mkokoteni. Tulikuwa tunahesabu watawa wa kualika na sahani za kuazima hekaluni, ndipo nikateleza na kusema, "Leo alfajiri alikuja."

"Nani?"

"Sanit."

Akaweka kalamu chini. Nikamsimulia yote. Hakutabasamu.

"Wifi," akasema, "marehemu akija akakaa mbele ya chakula asile, maana yake nini?"

"Ana njaa."

"Ana njaa! Na wewe unalisema hilo meno yote nje, kama aliyeshinda bahati nasibu! Siku ya saba ulimpelekea nini?"

"Tambi za Dada Kim-eng, za pale mbele ya stesheni. Ndizo alizozipenda."

"Ukazitia nini?"

"Nizitie nini? Nilizipeleka kama Kim-eng alivyozifunga. Supu mfuko wake, tambi mfuko wake. Hekaluni nikamimina kwenye bakuli."

"Na vile vifuko vidogo? Sukari, pilipili, siki?"

"Niliviweka kando kwenye trei."

Samruai akajipiga paja. "Kando kwenye trei! Kwa Baba Mtawa Khun, mzee wa miaka themanini aliyeapa kula alichopewa bila kuongeza hata chumvi! Kwa hiyo alizila hivyo hivyo, nyeupe, kama za mgonjwa. Na mdogo wangu huko aliko akapokea za mgonjwa. Siku ya saba, na siku ya hamsini pia! Mtu hakupata kula tambi bila kuzitia kitu maisha yake yote!"

Alikuwa amesema kweli. Kwetu mpishi wa tambi hamalizi kazi. Anakuletea bakuli, na mezani kuna vikopo vinne: sukari, pilipili ya kusaga, siki yenye vipande vya pilipili mbichi, na mchuzi wa samaki. Mlaji ndiye anayemaliza. Unachompa mtawa kwa jina la marehemu ndicho kinachomfikia marehemu, na mimi nilikuwa nimempelekea mume wangu kazi ya nusu.

"Sasa sikiliza," Samruai akasema. "Siku ya mia utamtilia mwenyewe. Alikuwa anatia nini?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, wifi."

"Miaka thelathini na moja mmekula meza moja! Ulikuwa unatazama nini, treni?"

"Nilikuwa nakula."

"Ndiyo, ulikuwa unakula!"

Ilikuwa hivi. Mimi nilikuwa nauza matunda ya kukatwa pale stesheni, na Sanit alikuwa mshika bendera, yeye ndiye aliyeruhusu treni kupita. Kila siku ya kazi tulikula kwa Kim-eng kabla ya treni ya saa sita na dakika arobaini. Mabakuli yakifika, alivuta langu kwanza. Alitia hiki na kile, akakoroga, akanisukumia, akasema, "Kula." Nami niliinama nikala. Sijawahi kugusa vile vikopo. Alipokuwa akitia lake, macho yangu yalikuwa ndani ya langu. Kitu kimoja tu nilikijua: kengele ya treni ilipolia, alisimama na kuacha supu kidogo chini ya bakuli lake, na mimi niliinywa ili isipotee. Ilikuwa tamu, yenye chembechembe za karanga. Utamu ule ningeutambua hata nikiwa usingizini.

"Basi nenda ukaulize," Samruai akasema akiinuka. "Mji wenyewe una mikahawa mitatu. Siku tano zinatosha. Mpe kilicho chake, ashibe, aende zake kwa amani. Hatakusumbua tena."

Akaondoka na mkokoteni wake. Neno hilo la mwisho lilibaki nami sebuleni. Hatakusumbua tena.

Nilianza kwa Kaka Phuang, nyuma ya soko, anayeuza tambi za supu nyeusi. Tambi nilikuwa sijaonja tangu mazishi. Nilikuwa nakula wali na mboga, basi.

"Sanit?" Phuang akacheka. "Huyo alikuwa anatia pilipili mpaka mbwa wangu anapiga chafya! Vijiko vitatu. Siki hakuna, sukari nusu."

"Kumbe alikuwa anakula na kwako?"

"Kila Jumamosi, ukiwa hekaluni. Kwa Kim-eng alikwenda kwa ajili yako. Kwangu alikuja kwa ajili ya tambi."

"Mwongo wewe."

"Haya, mwongo. Kaa ule."

Nikatia kama alivyosema, vijiko vitatu vya pilipili. Nilikula machozi yakinitoka, na Phuang akiniletea maji na kuniomba msamaha. Nilifika chini ya bakuli nikanywa mabaki. Zilikuwa tambi nzuri, lakini yale mabaki hayakuwa yake.

"Usinitazame hivyo, dada," Phuang akasema. "Mtu hatii sawasawa kila mahali. Supu yangu nzito, ya Kim-eng nyepesi. Mlaji mzuri huonja supu kwanza, ndipo mkono wake huamua. Kama unataka bakuli la kwa Kim-eng, nenda kwa Kim-eng."

Nilijua hilo tangu mwanzo. Nilikwenda kwa Phuang kwanza kwa sababu niliogopa kuketi kwenye meza ile. Nikaikawiza safari siku nzima nyingine. Nikala tambi laini za mchuzi wa samaki za Bi Chuen kwenye lango la hekalu, nikijua fika kwamba Sanit hakuzipenda, alisema zinateleza kama uongo. Bi Chuen aliponiuliza natafuta nini, nikasema natafuta chakula cha mchana.

Siku ya tatu nikaenda kwa Kim-eng.

Dada Kim-eng ana miaka sabini na mitatu na bado mji mzima unamwita dada. Hapendi maneno. Aliponiona mlangoni hakusema pole wala karibu. Alichukua tambi za mchele akazitumbukiza kwenye maji ya moto, akapanga maharage machanga yaliyokatwa mshazari, nyama ya nguruwe ya kuchoma, karanga za kutwanga, akamimina supu. Akaniletea. Bakuli moja. Nadhani wote wawili tuliona jinsi meza ilivyokuwa pana.

"Dada Kim-eng, Sanit alikuwa anatia nini?"

"Mimi natazama sufuria. Ukitazama mikono ya wateja utagombana nao."

"Siku ya mia ni keshokutwa. Nataka kumtilia."

Akafuta meza ambayo haikuwa chafu. "Siki ilikuwa ikiisha haraka kwenye meza hii. Mchuzi wa samaki hakuugusa. Pilipili kama kila mtu." Akafikiri. "Na alikuwa hakorogi. Alitia kila kitu, sukari mwisho, rundo, akaanza kula juu juu. Nilimwambia, Sanit, koroga bwana, sukari yangu inazama bure. Akasema, treni haingoji sukari."

Nikavuta vikopo. Mkono wangu ulikuwa mgeni pale, kijiko cha siki kiligonga ukingo wa bakuli. Siki vijiko viwili. Pilipili kijiko kimoja. Sukari vijiko viwili vilivyojaa, juu, mwisho, bila kukoroga. Nikaanza kula kutoka juu.

Ilikuwa chachu na kali mpaka uso wangu ukajikunja wenyewe. Nikala tena, ukajikunja tena. Hapo nikasimamisha kijiko. Miaka thelathini na moja nilimwona mume wangu akikunja uso pale mezani, na nilidhani ni uchovu wa kazi, au ni mimi. Katika miaka ya mwanzo nililia kwa ajili ya uso ule. Kumbe ilikuwa siki.

Nikaendelea kula. Juu chachu, katikati chachu, na nilipofika chini, ulimi wangu ukaipata. Tamu, yenye chembechembe za karanga, vuguvugu. Ndiyo. Ilikuwa yenyewe. Utamu wote ulikuwa umezama, na hapo ndipo alipokuwa akisimama na kwenda zake, akaniachia. Sijui kama alijua. Kutoka mezani hadi kwenye reli ni hatua arobaini, na sikumbuki hata siku moja alipokimbia.

"Vipi?" Kim-eng akauliza kutoka kwenye sufuria. "Ndiyo?"

Nikafuta mdomo. "Bado," nikasema.

Akanitazama kidogo. Akageukia sufuria.

Nilikuwa nimesema uongo, mimi ninayekariri amri tano kila asubuhi kabla hata ya kunawa uso, na ya nne inakataza uongo. Njiani nilikutana na Samruai, naye akauliza, nikasema uongo mara ya pili. "Bado sijapata, wifi. Kim-eng hakumbuki." Akashika kiuno. "Huyo bibi anamkumbuka hata mteja aliyekula mwaka wa mafuriko! Kamuulize vizuri."

Jioni niliwasha ubani mbele ya picha ya Sanit, nikapiga magoti, nikashindwa kusali. Sala inataka moyo uliosimama wima. Wangu ulikuwa umejikunyata kama mwizi aliyeshika kitu. Nilikuwa nimeshajua hesabu yangu: nikipeleka siku ya mia bakuli lisilo lake, atabaki na njaa. Akibaki na njaa, atakuja. Hata mara moja kwa mwezi. Hata mara moja kwa mwaka, na shati lile lile. Mtu aliyelala upande wa pili wa mkeka wangu miaka yote hiyo, ni dhambi gani kumtaka aje mara moja kwa mwaka?

Alfajiri akaja. Mimi ndiye niliyemwita, najua. Aliketi mbele ya bakuli, na safari hii niliona midomo yake imekauka na kupasuka kama mtu aliyesafiri bila maji. Hakunitazama. Alikuwa anatazama mlangoni.

Nilipoamka furaha haikuja. Niliketi mkekani mpaka jua likaingia.

Samruai alipita saa moja, mkokoteni haujawashwa moto. Aliingia bila kubisha, kama kawaida yake, akaketi kizingitini akinipa mgongo.

"Amekuja?"

"Amekuja."

"Amekula?"

"Hajala."

 Akasema, bado amenipa mgongo, "Kwangu hakuja hata mara moja. Nilimbeba mgongoni huyo mtoto. Mama alipokwenda shambani, mimi ndiye niliyemtafunia wali nikamtia mdomoni. Kila siku nalala nasema leo, leo atakuja kwa dada yake. Haji." Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Angekuja kwangu na njaa, wifi, hata ningejua sitamwona tena, nisingemwacha na njaa. Nisingeweza."

Sikuweza kuendelea kumtazama mgongo.

"Wifi," nikasema, "nimelipata."

"Umepata nini?"

"Bakuli lake. Tangu jana. Nilikudanganya."

Akageuka. Nilingoja anitukane, na alikuwa na haki, na ana matusi mazuri kuliko mtu yeyote katika soko letu. Alinitazama muda mrefu, macho yakizunguka usoni mwangu kama anayehesabu chenji. Kisha akaelewa yote bila mimi kusema.

"Mjinga wewe," akasema polepole. "Mjinga mkubwa. Kwa hiyo ulitaka kumfuga?"

"Ndiyo."

"Mpumbavu." Akavuta kamasi. "Hata mimi ningefikiria hivyo hivyo. Ila nisingesema uongo kwa Kim-eng, yule mama atakutilia mifupa mitupu mpaka ufe."

Tukacheka, tukalia, sikumbuki kipi kilianza. Baadaye nilinawa, nikapiga magoti, na safari hii sala ilikuja. Sikuomba kitu. Nilikiri tu.

Siku ya mia tulifika hekaluni saa nne, maana watawa hula kabla ya saa sita na chakula hakipaswi kuwahishwa kikapoa. Samruai alibeba sufuria ya supu kwenye kikapu, mimi tambi na vikopo vinne ambavyo Kim-eng mwenyewe aliviondoa mezani na kunipa bila neno. Kulikuwa na samaki wa kuchoma, wali wa kunata, mboga za majirani, na maembe yaliyoiva. Watu walikuwa wameketi kwenye ukumbi wa mbao, miguu imekunjwa upande mmoja. Nilipoanza kupanga vikopo sakafuni, wakanyoosha shingo.

"Lamduan anafungua mkahawa hekaluni?" mtu akanong'ona.

"Anamlisha mumewe," Samruai akajibu kwa sauti iliyofika jikoni. "Una swali jingine?"

Nikamimina supu. Chakula cha sadaka hakionjwi kabla ya mtawa kukila, kwa hiyo hapo hapakuwa na ulimi wa kuniambia nimepatia au nimekosea. Kulikuwa na mkono tu. Siki, kijiko kimoja. Siki, cha pili. Pilipili. Kisha nikachukua kijiko cha sukari, na mkono ukasimama hewani.

Hakuna mtu angejua. Si Samruai, si Kim-eng, si Baba Mtawa. Ningetia kijiko kimoja badala ya viwili, ningekoroga kidogo tu, na lisingekuwa lake. Nilisikia moyo wangu ukiniambia hivyo kwa upole, kama rafiki. Nikafumba macho, nikataja jina la Buddha mara tatu, na nilipofumbua nikaona ile midomo iliyopasuka.

Nikatia sukari. Nikatia ya pili. Sikukoroga. Nikainua bakuli kwa mikono miwili, nikaligusisha paji la uso, nikalisogeza kwa magoti mpaka mbele ya Baba Mtawa Khun.

Mzee akachukua kijiko, akala kutoka juu. Uso wake ukajikunja wote, mpaka macho yakapotea. Watu wakashika midomo. Akakohoa, akanywa maji, akatazama bakuli, kisha akanitazama mimi.

"Marehemu alikuwa mtu wa siki," akasema.

"Ndiyo, Baba."

Akala tena. Hakuacha, kiapo chake hakimruhusu kuacha, akala akikunja uso na kukohoa hadi tambi zikaisha. Kisha akainua bakuli kwa mikono miwili, akanywa mabaki yote. Nilimtazama akinywa. Koo lake la kizee lilipanda na kushuka. Alipoliweka chini, bakuli lilikuwa tupu, na nilihisi kitu kikitoka kifuani mwangu, sikukizuia.

Watawa wakaanza kukariri. Nikashika kibirika kidogo cha shaba, Samruai akanishika kiwiko ili thawabu ipite kwake pia, na nikamimina maji, yanayompelekea marehemu thawabu, polepole kwenye bakuli la chini, uzi mmoja usiokatika, nikitaja jina lake: Sanit, mwana wa Wang Phikun, mshika bendera. Pokea. Ule. Uende. Maji yalikwisha kabla ya maneno, kwa hiyo maneno ya mwisho niliyasema kibirika kikiwa kitupu. Tukayabeba yale maji nje, tukayamwaga chini ya mti wa hekalu.

Hiyo ilikuwa mwezi wa pili. Sasa mvua zimeanza.

Samruai hupita kila asubuhi na mkokoteni wake. Mwanzoni alikuwa anasimama mlangoni na kuuliza, "Amekuja?"

"Hajaja."

"Na kwangu pia," anasema, ananipa ndizi mbili za moto na kwenda zake.

Siku hizi hasimami tena kuuliza, anatazama tu uso wangu, na mimi natikisa kichwa. Jioni nawasha ubani, nakariri, nataja jina lake pamoja na majina ya wafu wengine, nikimwombea njia nyepesi. Simwiti. Ulimi unataka, lakini simwiti. Kisha nazima taa, nalala upande wangu wa mkeka, na usingizi unakuja bila mtu ndani yake.